Setilaiti za kutahadharisha makombora, zimepimwa na fundi wa ving'ora vya moto

Kazi yangu ni kufunga na kukagua mitambo ya tahadhari ya moto, mwaka wa 19 huu. Nimepanda ngazi nikiwa na ditekta za moshi, za joto na za ndimi za moto, nimefungua paneli ambazo nyaya zake zilifanana na nywele za mtu aliyetoka usingizini, na huwa naandika ninachokiona ili mwenzangu asiuziwe mbuzi kwenye gunia. Leo napima bidhaa ambayo sitaifunga maishani mwangu, wala wewe hutaiagiza. Ni setilaiti za kijeshi zinazokaa angani usiku na mchana zikisubiri kuona kombora likiruka.

Chanzo ni kijana ninayemfundisha kazi. Tulikuwa tunasubiri mteja atuletee funguo, akaniuliza, "Fundi, ditekta kubwa kuliko zote duniani iko wapi?" Nikamwambia haiko duniani, iko kilomita 36,000 hivi juu ya kichwa chake. Alicheka mpaka akaketi kwenye ndoo. Nikaona basi nimwandikie vizuri, na wengine msome.

Kila ditekta naiuliza mambo matatu. Moto ukiwaka, inauona? Moto usipokuwepo, inanyamaza? Na ikishalia, aliyeko kwenye paneli anabaki na muda wa kufanya chochote? Wauzaji hujibu swali la kwanza kwa vipeperushi vyenye picha za kupendeza. La pili hulipitia juu juu, kama mtu anayeruka dimbwi. Mimi pesa ya mteja naiweka kwenye hilo la pili. Ditekta isiyojua kunyamaza itazimwa na mlinzi ndani ya mwezi mmoja, na ikishazimwa hata kama ina jicho la tai haina faida.

Tuanze na jicho. Setilaiti hizi hazilioni kombora lenyewe, zinauona moto wake. Injini ya roketi hutema gesi kali zenye mvuke wa maji na kaboni dayoksaidi, na gesi hizo zikiwa katika joto kali hung'aa kwa miale ya infraredi ambayo macho yetu hayaioni. Hapa nilijisikia nyumbani. Ditekta zangu za ndimi za moto zinategwa kwenye urefu wa wimbi wa maikroni 4.3 hivi (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), kwa sababu hapo ndipo kaboni dayoksaidi yenye joto kali itokayo motoni inapojianika. Setilaiti za Marekani za DSP, ndilo jina la mpango wao wa kuona makombora, zilitegwa kwenye maikroni 2.7, baadaye zikaongezewa na hiyo 4.3. Kwa hiyo kile kidude cha ukubwa wa ngumi nilichokifunga juu ya matangi ya mafuta na ile mashine ya angani ni mtu na binamu yake.

Hiyo maikroni 2.7 ina ujanja wake, na huo ndio ulionifanya nimpe mbunifu heshima. Mvuke wa maji na kaboni dayoksaidi vilivyomo katika hewa yetu ya chini humeza miale ya jua ya urefu huo. Ukitazama dunia kutoka juu kwa jicho hilo, unaona giza. Hewa imegeuzwa pazia bure, bila gharama. Kombora likiwa bado chini, pazia linalificha nalo pia. Likishapanda juu ya hewa nzito na mawingu ya kawaida, kilomita kumi hivi, linawaka kama kiberiti kwenye chumba kisicho na dirisha. Unapoteza dakika moja hivi ya mwanzo, lakini unapata ukimya wa uhakika. Mimi ningekubali biashara hiyo kila siku.

Kuna mpaka ambao lazima mnunuzi aujue. Injini ya kombora la kuvuka mabara huwaka dakika tatu hadi tano tu. Ikizimika, kinachobaki ni kipande cha chuma kinachoteleza angani kimya, na jicho la namna hii linaishiwa. Safari nzima ni kama dakika 30, na sehemu kubwa iliyobaki ni kazi ya rada za ardhini. Setilaiti inakuambia moto umeanza, wapi, na unaelekea upande gani. Wapi utaangukia hasa, mwulize mwingine.

Wamarekani hawakufika hapo kwa siku moja. Mradi wa kwanza uliitwa MIDAS, na setilaiti yake ya kwanza, iliyorushwa Februari 1960, haikufika hata kwenye mzingo. Hofu kubwa ya wataalamu ilikuwa ile ile inayoninyima usingizi mimi: je, kitatofautisha moto na mwanga wa jua uliorudishwa na mawingu? MIDAS 7, iliyopaa tarehe 9 Mei 1963, ndiyo iliyowapa moyo. Ilifanya kazi wiki sita na kuona roketi 9 za Marekani yenyewe zikiruka. Lakini setilaiti hizo zilizunguka chini kiasi, kwa hiyo moja inakuwa juu ya eneo unalotaka kwa muda mfupi halafu inapita zake. Ni sawa na mlinzi anayelinda maghala manane kwa baiskeli.

DSP ndiyo bidhaa niliyoipenda, nakiri mapema ili msije mkasema nimeficha. Ya kwanza ilirushwa Novemba 1970, na mpaka ya mwisho mwaka 2007 zilikuwa zimerushwa 23. Zimewekwa kwenye mzingo wa kilomita 35,786 juu ya ikweta, ambako setilaiti huzunguka kwa kasi ile ile ya dunia, kwa hiyo inabaki juu ya eneo moja bila kuondoka. Ndani kuna darubini iliyoelekezwa pembeni kidogo ya mhimili. Setilaiti nzima inajizungusha mara sita kwa dakika kama pia, na kila sekunde 10 safu ya vihisio inafagia upande mzima wa dunia unaoonekana kutoka hapo. Za mwanzo zilikuwa na vihisio 2,000, za baadaye 6,000.

Sekunde 10 zinaonekana nyingi mpaka ufikirie kazi yenyewe. Nukta iliyong'aa mara moja ikapotea ni takataka. Nukta iliyong'aa, ikahama kidogo baada ya sekunde 10, ikahama tena baada ya nyingine 10, hiyo ina safari, na safari ina mwelekeo. Mtambo haukurupuki na cheche ya kwanza. Paneli zangu nzuri zinafanya hivyo hivyo: moshi ukigusa ditekta mara moja, paneli inasubiri kidogo, inauliza tena, ndipo inapaza sauti.

Jicho hilo likawa linaona hata vitu ambavyo halikuagizwa. Ndege za kivita zinapowasha moto wa ziada kwenye injini zilionekana. Tarehe 1 Februari 1994 kimondo kikubwa kililipuka juu ya Pasifiki, karibu na Visiwa vya Marshall, na setilaiti za Marekani zikakinasa. Ditekta inayoona kimondo na kujua kwamba si kombora, hiyo nainunua kwa macho yaliyofumba.

Sasa nije kwa Wasovieti, lakini kwanza nipitie ghalani.

Miaka ya nyuma niliitwa kwenye ghala moja la rangi. Lilikuwa na ditekta za ndimi za moto za kizazi cha zamani, zinazosoma bendi moja tu ya infraredi. Siku tatu mfululizo, saa kumi na moja na nusu jioni, king'ora kililia. Siku ya kwanza watu wote walitoka mbio. Siku ya pili walitoka wakitembea. Ya tatu walitoka na vikombe vyao vya chai. Ya nne hakikulia, kwa sababu mlinzi alikuwa ameizima paneli, na sikumlaumu. Nilikaa mle ndani jioni ya tano nikiangalia ukuta. Kulikuwa na feni kubwa ya kutolea hewa kwenye ukuta wa magharibi, na kwa siku chache za mwaka, jua likikaribia kuzama, lilikuwa linasimama nyuma ya feni hiyo sawasawa. Mapanga yakawa yanaukata mwanga, unachezacheza, na ditekta ya zamani humtambua moto kwa kuchezacheza kwake. Haikuwa mbovu. Ilifanya kile kile ilichofundishwa. Aliyeifunga hakuwa na habari kwamba jua lingewahi kupita mahali pale.

Mtambo wa Kisovieti uliitwa Oko, neno la Kirusi la kale lenye maana ya jicho. Setilaiti ya kwanza ilirushwa 1972. Badala ya kutazama chini moja kwa moja kama DSP, waliziweka kwenye mizingo mirefu kama yai, inayopanda mpaka kilomita 40,000 hivi, na kuzielekeza kwenye ukingo wa dunia. Hesabu yao ilikuwa kwamba kombora likipanda kutoka Marekani litaonekana likiwa na anga jeusi nyuma yake, na mwanga wote wa ardhini utaachwa nje ya picha. Kwa karatasi ni wazo safi, hata mimi ningelisifu. Shida ya kutazama ukingoni ni kwamba unalitegemea jua lisikae vibaya. Na jua lina tarehe zake.

Usiku wa tarehe 26 Septemba 1983, siku chache tu baada ya usiku na mchana kulingana, muda mfupi baada ya saa sita usiku, paneli ya kituo cha Serpukhov-15 kusini ya Moscow ilisema kombora limeruka Marekani. Halafu jingine. Yakafika matano. Mtambo uliandika kiwango cha juu kabisa cha uhakika. Wiki tatu na ushee kabla, ndege ya abiria ya Korea Kusini ilikuwa imetunguliwa na Wasovieti na watu 269 wakafa, kwa hiyo kila upande ulikuwa umekunja ngumi. Kwenye kiti alikuwa Luteni Kanali Stanislav Petrov, umri wa miaka 44, mhandisi.

Petrov aliripoti kwa wakubwa wake kwamba ni tahadhari ya uongo. Sababu zake ni za fundi kabisa. Matano ni machache mno, nani aanzishe vita vya nyuklia kwa makombora matano? Mtambo ulikuwa bado mpya na hakuuamini. Rada za ardhini zilikuwa kimya. Baadaye alisema hakuwa na uhakika, ilikuwa nusu kwa nusu. Uchunguzi ulikuta kwamba jua, mawingu ya juu sana na setilaiti vilikuwa vimejipanga mstari mmoja, na mwanga ulioruka kutoka kwenye mawingu hayo ukaingia moja kwa moja kwenye jicho. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini nikasema peke yangu: feni.

Oko ya mwaka huo, kwa swali la kunyamaza, naipa 2 kati ya 10. Hizo mbili ni za kusahihisha: baadaye waliunganisha taarifa zake na setilaiti ya mzingo wa ikweta, ili macho mawili ya pembe tofauti yakubaliane. Sisi kwenye moto hufanya vivyo hivyo mahali penye gesi ya kuzima inayoweza kumkosesha mtu hewa: ditekta moja ikilia ni onyo, ya pili ikikubali ndipo gesi inafunguliwa. Ninachojiuliza ni jinsi mtambo wenye matokeo makubwa hivyo ulivyowahi kukabidhiwa kazi ukiwa na jicho la pembe moja. Kwangu mteja asingeupokea.

Na kuna jambo jingine la Serpukhov linalonichoma zaidi. Petrov hakupewa nishani. Alikaripiwa kwa kutojaza daftari la matukio usiku ule. Alijitetea kwamba mkono mmoja ulikuwa na simu na wa pili kipaza sauti, na hana mkono wa tatu. Alifariki Mei 2017. Kila aliyewahi kukaa mbele ya paneli inayolia, taa zote nyekundu, simu inaita, bosi anapiga kelele mlangoni, anajua mkono wa tatu ni kitu gani.

Wamarekani nao wasijichekee. Tarehe 9 Novemba 1979 skrini za kamandi yao ya ulinzi wa anga zilionyesha shambulio kubwa la Kisovieti. Ilikuwa data ya mazoezi iliyoingia kwenye mtambo wa kazi. Tarehe 3 Juni 1980, mahali palipotakiwa kusomeka sifuri za idadi ya makombora, namba 2 zikaanza kuchomoza hapa na pale. Marubani wa ndege za mabomu wakawasha injini. Mkosaji alikuwa chipu moja ya kompyuta, bei yake senti 46 za dola.

Ukisoma hadithi hizo haraka utasema mtambo wote ni takataka. Mimi nazisoma kinyume. Paneli ndiyo iliyopatwa na wazimu. Ditekta, yaani DSP na rada, zilipoulizwa moja kwa moja, zilisema hazijaona kitu, na ndipo watu wakashusha pumzi. Huo ndio ukimya ninaoutaka. Setilaiti iliyojijengea sifa ya kuona kila kitu, ikisema "sioni", neno lake linakuwa na uzito kuliko king'ora. Ditekta isiyoaminika haiwezi kukupa huduma hiyo, kwa sababu ikinyamaza hujui kama hakuna moto au imelala. Kwa ajili ya matukio hayo mawili, DSP naipa 9 kati ya 10 kwenye swali la pili. Sijawahi kumpa mtu yeyote 9.

Swali la tatu ni la muda, na hapa mambo yanategemea ni kombora gani. DSP ilibuniwa kwa makombora ya kuvuka mabara, yenye dakika zake 30. Mwaka 1991, kwenye Vita vya Ghuba, ikatumiwa kuona makombora ya Scud ya Iraq yakielekea Israel na Saudi Arabia. Scud inawaka muda mfupi zaidi, na safari yake yote ni dakika chache. Setilaiti iliyaona. Lakini kuona ni kituo cha kwanza. Taarifa ilitakiwa ishuke kituo cha ardhini, isomwe, ipelekwe upande wa pili wa dunia, igeuzwe king'ora, mtu avae barakoa na ajifiche. Kila mkono unaopokea unakula sekunde. Halafu kuna viungo vya mbele zaidi: tarehe 25 Februari 1991 huko Dhahran, mtambo wa Patriot, wa kutungulia makombora, uliokuwa umewashwa saa 100 bila kuzimwa ulikuwa na kosa la saa la theluthi moja ya sekunde hivi, ukatazama mahali pasipo, na Scud ikaua wanajeshi 28 wa Marekani. Theluthi ya sekunde! Tangu nijue hilo, saa ya paneli ndiyo kitu cha kwanza ninachokagua.

Linganisha na tarehe 8 Januari 2020. Iran ilirusha makombora kuelekea kambi ya Al Asad, Iraq. Wafanyakazi wa kituo cha setilaiti cha Buckley, Colorado, waliyaona, onyo likafika, watu wakawa wameshaingia kwenye mahandaki. Hakufa mtu, ingawa zaidi ya wanajeshi 100 walikutwa na majeraha ya ubongo kutokana na mshindo. Hiyo ndiyo kazi iliyolipiwa. Lakini saa chache baadaye, asubuhi ile ile, ulinzi wa anga wa Iran uliitungua ndege ya abiria ya Ukraine karibu na Tehran, na watu 176 wakafa. Jicho la juu halina cha kumwambia rubani wa ndege ya abiria, halikuunganishwa naye. Ditekta inamlinda yule ambaye waya wake umefika kwake tu.

Bei. Hapa naomba mnivumilie. Mrithi wa DSP anaitwa SBIRS. Ana kihisio kinachofagia na kingine kinachokodoa macho mahali pamoja bila kupepesa, kwa hiyo anaona moto hafifu zaidi na mapema zaidi. Mradi ulianza miaka ya 1990 kwa makadirio ya dola bilioni 4 hivi. Ukaishia karibu na bilioni 19. Setilaiti yake ya kwanza ya mzingo wa ikweta ilitakiwa ipae 2002, ikapaa Mei 2011. Ya sita na ya mwisho Agosti 2022. Mimi nikimchelewesha mteja wiki mbili natumiwa ujumbe usiku wa manane. Kwa ubora wa jicho ni 9, kwa nidhamu ya mkandarasi ni 3, na hiyo 3 ni kwa sababu ilipofika ilifanya kazi.

Pia kuna DSP ya 19, ambayo kila fundi chipukizi angetakiwa kuisikia siku ya kwanza kazini. Ilirushwa Aprili 1999. Hatua mbili za roketi ya mwisho zilitakiwa kuachana, zikashindwa kuachana sawasawa, setilaiti ya mamia ya mamilioni ya dola ikabaki kwenye mzingo usio na maana. Utepe uliofungwa kuzunguka plagi ya umeme ulikuwa umekazwa mno, plagi ikagoma kuchomoka. Utepe! Kijana wangu ana tabia ya kufunga kila kitu kwa utepe mpaka hakifunguki, nami sasa nina jina la kumwita.

Kuhusu zilizo mpya zaidi nitakuwa mfupi, kwa sababu sipimi kitu ambacho hakijapitia hata msimu mmoja wa mvua. Tatizo lililozileta ni makombora ya kasi kubwa yanayoteleza na kukata kona kwenye hewa ya juu baada ya injini ya kurushia kuachwa. Moto wake ni hafifu. Ni kama moto unaofukuta ndani ya godoro: ditekta ya ndimi haiuoni, na ukiusubiri utoe ndimi umechelewa. Jibu la Marekani ni kusogeza macho karibu. Kuna setilaiti nyingi ndogo zinazowekwa kwenye kilomita 1,000 hivi, za kwanza zikirushwa kuanzia 2023, na mbili za majaribio ya kufuatilia kwa usahihi zilizopaa Februari 2024. Yaani tumerudi kwa walinzi wa baiskeli wa MIDAS, ila sasa wako wengi na wanazungumza kwa redio. Nasubiri. Kitu kimoja tu nitasema: ditekta zikiwa nyingi, na nafasi za kulia bila sababu zinakuwa nyingi, na programu ya kuzipatanisha ndiyo itakayobeba mzigo wote.

Urusi wana kizazi kipya pia, Tundra, cha kwanza kikapaa Novemba 2015. Kilichonishtua ni kabla ya hapo. Oko zilikuwa zimekufa moja moja kwa uzee, na kufikia mwanzoni mwa 2015 hakukuwa na hata moja inayofanya kazi. Rada zikabaki peke yake. Mtu mwenye ghala la baruti kubwa hivyo, hana ditekta ya kwanza, anategemea ya pili inayompa nusu ya muda. Majirani zake walitakiwa kuogopa kuliko yeye. Mwenye silaha asiyeona vizuri ni hatari kuliko anayeona, na hili wengi wanaoshangilia jicho la adui kupofuka hawalifikirii.

Alama yangu ya jumla inakuwa ngumu kutoa kwa sababu kilichonikera zaidi si setilaiti. Tarehe 13 Januari 2018 watu wa Hawaii walipokea kwenye simu zao ujumbe kwamba kombora linakuja na kwamba hayo si mazoezi. Walificha watoto wao bafuni. Angani hakukuwa na kombora, na jeshi lilijua hivyo ndani ya dakika chache, kwa sababu macho ya juu hayakuona moto wowote. Mtu mmoja kwenye ofisi ya dharura ndiye aliyetuma onyo katikati ya zoezi, na ujumbe wa kusahihisha ulichukua dakika 38 kuwafikia watu. Mabilioni ya dola yalinyamaza sawasawa, na ukimya wao haukuwa na kitufe.

Kwa hiyo: DSP na SBIRS, jicho 9, ukimya 9, muda 7. Oko ya zamani, jicho 6, ukimya 2, muda sijali, kwa sababu muda wa tahadhari ya uongo ni muda wa kuua. Chumba cha paneli, cha upande wowote, 4, na ningekirudisha kwa aliyekifunga.

Kijana wangu aliposoma rasimu hii aliuliza kama kuna kitu chochote tunachoweza kuiga. Kipo kimoja, na nimeshaanza. Kila paneli ninayofunga sasa naweka na kimeza chini yake, daftari la matukio na kalamu iliyofungwa kwa kamba, pamoja na simu ya kubonyeza kitufe kimoja ikapaza sauti yenyewe, ili mlinzi abaki na mkono mtupu wa kuandikia. Wateja wanalalamika kwamba nimewaongezea gharama ya kimeza. Ghala la rangi wamekubali, ila kalamu ya kwanza iliibiwa na kamba yake ndani ya wiki.